Maji ya Mwanangwa

Jumatatu, 3 Oktoba

Hajanywa. Wiki ya pili sasa tangu waje, hajagusa maji. Nimemwaga ya jana kwenye mchicha, nimesugua beseni, nimejaza upya, nimemsogeza kobe hadi pua ikagusa plastiki. Akageuka, akaenda zake ukutani. Kobe gani huyu.

Mama anamwita Mwanangwa, maana anatembea kama jumbe anayekagua mji wake. Walikuja wote wawili kutoka Mwamapalala, mama na fuko lake, kobe ndani ya kikapu. Mimi ndiye niliyekwenda kuwachukua. Baba alipofariki nilisema mama hawezi kukaa peke yake kule. Nilimwambia kila mtu hivyo.

Jana mama kasema neno zito. Kobe akikataa maji ya hapa Bariadi, basi hapa si kwao, na yeye atarudi naye Mwamapalala kabla mvua haijaanza. Alisema kwa upole. Heri angefoka.

Sitaki aondoke. Nimeandika, basi.

Jumanne, 4 Oktoba

Bakuli la bati. Lile la wageni, lenye ukingo mwekundu. Nilidhani kwa kuwa ni fupi litamfaa. Amekanyaga ukingo, bakuli likapinduka, maji yote mchangani. Nikajaza. Akakanyaga tena. Mara tatu. Mama alikuwa kwenye mkeka anachambua mchele. Ametazama mara zote tatu, kisha akaendelea na mchele.

Mama Kulwa, jirani yangu, amechungulia juu ya ua. Kasema nijaribu kumpa soda. Nimecheka kwa adabu tu.

Kazi: suruali moja. Siku hizi hakuna anayeshonesha nguo mpya. Wanaleta kafa Ulaya, mitumba, nipunguze kiuno, wanaondoka. Cherehani inakaa kimya mchana kutwa. Na mimi nayo.

Alhamisi, 6 Oktoba

Siku mbaya.

Niliazima karai kwa fundi ujenzi. Zito, halipinduki. Nikaegemeza tofali awe na pa kupandia. Nikajiona hodari kweli. Nikaenda kupeleka suruali ya mteja. Narudi saa saba mchana, Mwanangwa yuko chali kando ya karai, tumbo juu, jua linampiga, miguu inachezacheza taratibu. Sijui alikaa hivyo muda gani. Mama alikuwa amekwenda kusali jumuiya.

Nikamgeuza. Nikamweka kivulini. Nimekaa naye chini hadi mama aliporudi, nikamwambia ukweli wote. Hakunigombeza. Alipapasa gamba, akaingia ndani. Baadaye kidogo nikamsikia anafungua fuko lake, anapanga khanga.

Kosa ni langu. Si la karai.

Ijumaa, 7 Oktoba

Mwanangwa kichwa ndani. Macho yamefumba. Mchicha haujaguswa.

Mama hajagusa ugali. Ameniuliza basi la Maswa, la kupitia kwao, linafika stendi saa ngapi. Nikajibu sijui. Uongo. Saa mbili na nusu kila siku, honi inasikika hadi hapa kwangu.

Naogopa. Akimfia hapa, mama hatakaa hata siku moja.

Jumamosi, 8 Oktoba

Sokoni tangu asubuhi. Zamani beseni moja ulilipangia foleni duka la ushirika, ukachukua rangi waliyokupa, ukashukuru. Leo vyombo vimetandazwa hadi barabarani. Plastiki za kila rangi, vya kioo, vya aluminiamu, na wauzaji wanakuita shangazi, dada, mama, chochote. Vyombo vyote hivyo, na mimi nimeshindwa kupata cha kobe mmoja. Nimezunguka weee. Nimerudi na trei ya kijani, bapa.

Mama alipoiona akacheka. Akacheka hadi akashika mlango. Nikapandwa na hasira. Nikamwambia mimi ndiye ninayehangaika, chombo cha nne hiki, na wewe umekaa tu unanitazama! Nilipandisha sauti kwa mama yangu, Mungu anisamehe.

Akaacha kucheka, akasema: "Umeniuliza lini?"

Kobe yuko kwake tangu mimi nipo darasa la pili. Sijamuuliza hata siku moja ananywea kwenye nini.

"Kuuliza si ujinga, mwanangu."

Akachukua mchi. Akaenda kwenye mtungi wangu, ule wa udongo kutoka Dutwa, ninaojisifia kwa maji baridi. Akamimina maji kwenye ndoo taratibu kabisa. Kisha akaupiga shingoni. Nilipiga yowe hadi Mama Kulwa akaja mbio. Mama hakugeuka. Aliendelea kugonga kidogo kidogo pembeni hadi kikabaki kitako tu, kifupi, kipana. Akachimba kwa jembe, akakifukia mpaka ukingo ukawa sawa na ardhi. Akatia maji kidogo, yasimpite kobe kidevu. Alisema kobe hapandi kwenda kwenye maji. Maji yake yako chini, kama dimbwi, na udongo haumtelezeshi.

Mwanangwa hakuwa na haraka. Shingo kwanza. Kisha akatembea mwenyewe, akainama, akazamisha pua hadi macho. Nimeona koo likicheza. Alikunywa, akanywa. Mama na mimi tumechuchumaa pale, mabega yamegusana. Mama Kulwa akapiga kigelegele kwa ajili ya kobe, jamani.

Nimefurahi, siwezi kusema. Na mtungi sina.

Jumapili, 9 Oktoba

Sikulala vizuri. Nimewaza. Si kobe peke yake ambaye sikuuliza habari zake. Kitanda cha mama nilichagua mimi. Chumba, mimi. Hata siku ya kwenda kumchukua, mimi.

Baada ya misa nikajikaza. Mayu, nikamwita, kwa Kisukuma kama nilipokuwa mdogo. Unataka kukaa wapi?

"Mwamapalala."

Hakufikiri hata kidogo. Kasema ana kaburi la baba la kufagia, ana shamba, na mawingu yameanza kuonekana upande wa ziwa. Kasema hapa anaamka anatafuta kazi ya mikono yake, anakuta nimeshaifanya yote.

Sikubishana. Imenichoma. Kobe amekunywa, na bado mama anaondoka. Nilidhani nimeshinda.

Jumatano, 12 Oktoba

Mama ameondoka.

Asubuhi nilimtia Mwanangwa kikapuni, nikamwekea majani ya njiani. Mama akamtoa. Akamrudisha uani, karibu na maji. Nikafikiri amesahau kuwa basi liko karibu. Nikamtia tena kikapuni. Akamtoa tena.

"Huyu anabaki," kasema. "Mimi nina majirani. Wewe ndiye uko peke yako."

Hakunisimanga. Alisema kama mtu anayekuambia kifungo kimekatika mgongoni, pale usipoweza kukiona mwenyewe. Tangu baba afariki nimetangaza mji mzima kwamba ni mama asiyeweza kukaa peke yake. Nilimshika mkono mpaka stendi, nikalia njiani bila kujificha. Basi lilikuja kwa wakati wake. Alipata kiti cha dirishani.

Ijumaa, 14 Oktoba

Maji yamepungua. Nimeongeza.

Suruali mbili, zote kafa Ulaya. Mwanangwa amekuja mwenyewe hadi ndani, akalala chini ya cherehani, juu ya vipande vya vitambaa. Nimekanyaga pedali polepole nisimguse.

Asubuhi nilimwambia mwangaluka, kwa Kisukuma. Nikajiona mjinga, mtu mzima kumwamkia kobe. Jioni nikamwamkia tena: mwadila.