Sanduku la Kufuli Mbili Juu ya Asego

Mpendwa Dada Mokeira,

Naomba unisaidie kabla moyo wangu haujapasuka, maana mimi ni kijana wa miaka ishirini na saba, kwetu ni Kisii lakini nauza viatu hapa Homa Bay, na kanisani mimi ndiye katibu wa afya wa vijana, cheo nilichopewa mwaka huu wa 1996 kwa kura zote isipokuwa mbili, na safu yako naisoma kila Ijumaa kabla jua halijatua.

Sabato iliyopita alasiri vijana kumi na tisa tulipanda kilima cha Asego, na mimi niliandaa sanduku la huduma ya kwanza la mbao za mvule, nikalipaka msalaba mwekundu, ndani nikaweka chupa mbili kubwa za dawa ya kuoshea vidonda, blanketi, beseni, vitabu vya nyimbo, pamba, bendeji na daftari la kutia sahihi, likawa la kubebwa na watu wanne kwa miti miwili, hata mama mmoja aliyekuwa akikata kuni akatuuliza, "Na hiyo sanduku iko na maiti?" lakini tukaendelea kupanda, kwa sababu wasiojua kazi huongea hivyo.

Lazima nieleze pia kwamba mwaka jana Panadol za kanisa ziliisha bila mtu kuugua, kwa hiyo mimi mwenyewe nilipendekeza sanduku liwe na kufuli mbili kama lile la sadaka, ufunguo mmoja akae nao Mzee Machuki, mwingine shemasi Milka, na lisifunguliwe mpaka wote wawili wawepo, na siku hiyo Mzee Machuki alibaki chini kwa sababu ya magoti na Milka alikuwa ameenda matanga Migori, lakini sikuona shida maana tulikuwa tunaenda kutembea, si kuugua.

Tulipokaribia kileleni Mellen, ambaye wazazi wetu wameshaonana na Desemba tulikuwa tufunge ndoa, aliteleza, jiwe likamkata chini ya goti, damu ikamwagika, na Levis, kijana wa Ntimaru anayeuza mahindi sokoni, akaokota jiwe avunje kufuli, nami nikalikalia sanduku. Akaniambia, "Benard, toka hapo, msichana anamalizika." Nikamwambia hii ni mali ya kanisa, atume mtu kwa Mzee Machuki, na hata Mzee akifika bado tungemngoja Milka. Basi Levis akavua shati lake, akalirarua, akamfunga nalo, akambeba mgongoni mpaka chini, na sisi wanne tukafuata na sanduku.

Jumatatu lilifunguliwa mbele ya baraza na kila kitu kilikuwepo, hata plasta moja haikupotea, nikampelekea Mellen habari hiyo nikidhani atafurahi, naye akasema, "Si uoe hiyo sanduku," akafunga mlango. Dada, nifanye nini arudi? Na je, nimripoti Levis kwa pasta kwa kuvua shati mbele ya akina dada siku ya Sabato? Tena Agosti nimeombwa niwapeleke watoto ishirini kupanda mlima wa kisiwa cha Mfangano, na nafikiria kuongeza kufuli ya tatu.

Ni mimi,
Mtunza Mali, Homa Bay

*

Mtunza Mali,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilifika kwenye wale watoto ishirini, kicheko kikaisha.

Kabla ya gazeti hili nilikuwa muuguzi miaka kumi na minne. Nimepokea watu waliofungwa vidonda kwa leso, kwa tai, kwa soksi ya kuchezea mpira, na kila aliyewafunga nilimshukuru. Wewe ungekuwa wa kwanza kuniletea mgonjwa pamoja na daftari. Unasema hakuna kilichopotea, lakini damu ya Mellen sidhani kama uliiandika popote. Bendeji inanunuliwa ili iishe. Ikirudi nzima kutoka mlimani mtu akiwa ameumia, hiyo ni aibu, na wewe umeipeleka barazani upigiwe makofi.

Sanduku liache kanisani, linafaa kukaliwa, wewe mwenyewe umeshalijaribu. Tena wenye boti wa Mbita watalitoza nauli ya mtu mzima. Tafuta mfuko wa kitambaa wa kuvaa begani, wa kufungwa kwa kifungo. Tia bendeji mbili pana, pamba kidogo, plasta, mkasi mdogo, pini chache, na ile dawa yako uimimine kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi kilichooshwa vizuri, uandike jina lake juu. Ongeza Panadol za kutosha siku moja, sukari na chumvi kwa atakayeishiwa maji mwilini, firimbi, na leso moja, maana leso hufunga mkono, hufunga kifundo cha mguu, na hufunika mtu akisikia baridi. Usisahau glavu, au hata mifuko ya plastiki ya kuvaa mikononi kabla hujagusa damu ya mtu, kwani miaka hii ya UKIMWI hilo si la mzaha. Mfuko ukikushinda kuubeba kwa mkono mmoja, punguza. Na kila anayepanda aujue na aweze kuufungua, hata wewe ukiwa ndiye uliyeanguka. Damu ikitoka, kandamiza kwa kitambaa, inua mguu, usichungulie kila dakika, kisha mpeleke hospitali akashonwe na kudungwa sindano ya pepopunda.

Levis mripoti, kama unataka. Pasta akikuuliza shati lilienda wapi, mjibu kwa sauti, wote wasikie.

Mellen sijui kama atarudi, na ningekuwa mama yake ningemshauri asiharakishe. Umeniandikia mbao, kufuli na kura. Mguu wake unaendeleaje hukuandika, wala hujui kama alidungwa sindano. Nenda leo ukamuulize hilo tu, usitaje harusi. Ukitoka hapo pitia sokoni umnunulie Levis shati jipya. Chagua lenye kitambaa kingi, kwa sababu kama Agosti katibu wa afya bado ni wewe, wale watoto watalihitaji.