Mwaka wa Sita wa Bega

Jumatatu, 3 Machi
Daktari kanyoosha mikono. Bega limepigwa picha, limechomwa sindano, maumivu hayahami. Sasa nitafute mtaalamu wa saikolojia anifundishe kuishi nayo. Kuishi nayo! Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu yuko mwaka wa sita, na jembe lenyewe hataki niliinue.
Mke wangu kauliza daktari kasemaje. Nikasema tunaendelea vizuri. Akanitazama kama anavyotazama nyanya za chini ya fungu.

Alhamisi, 6 Machi
Mtaalamu wa kwanza, bwana mwenye tai. Kaniuliza kazi yangu, nikasema kinyozi. Kosa! Mbele ya kinyozi midomo hufunguka yenyewe. Dakika arobaini kanieleza visa vya mama mkwe wake. Bega halikutajwa. Nimetoka nikimhurumia mama mkwe.

Jumanne, 11 Machi
Wa pili: mama wa makamo, raba miguuni, hana haraka. Safari hii nikasema nafanya kazi ya kusimama. Akauliza maumivu yakoje. Nikakwama! Miaka ishirini naongea na watu kwenye kioo — wananitazama humo, nawatazama humo. Uso kwa uso ulimi ukagoma. Nikajikuta naliambia dirisha. Hakucheka. Akageuza kiti chake, tukalitazama dirisha wawili, nami nikalieleza yote. Nampenda mama huyu.
Mwishoni akauliza nyumbani nani anajua. Hakuna. Mke wangu anajua bega "linasumbuasumbua" tu. Hajui kwamba mkono unakufa ganzi na mkasi unaanguka. Juzi nusura nimtoe mteja sikio. Akijua, duka litafungwa siku hiyohiyo. Na mimi bila duka ni nani?
Mama wa raba kasema: mwambie mkeo kabla hujarudi kwangu.

Jumamosi, 15 Machi
Nimejaribu mara tatu. Kwenye chai — nikasifia chai. Akianika nguo — nikampa vibanio. Mara ya tatu akanishika paji la uso, eti labda nina homa. Jioni karudi kutoka kwa fundi wa kunoa, kaniwekea mikasi mezani. Kazitazama ncha, kaenda jikoni.

Jumapili, 16 Machi
Asubuhi kasema kinyozi mwenye kichaka kichwani ni aibu ya ukoo. Kanikalisha mbele ya kioo cha kabati, shuka shingoni, kashika mashine yangu. Hajawahi kuishika!
"Kila siku wenzako wananyolewa, baba. Leo zamu yako."
Upande wa kulia kaufyeka kama shamba. Kisha, macho yake kwenye kioo:
"Mkasi unaanguka mara ngapi kwa siku?"
Nikauliza mkasi gani.
"Nani anaipeleka mikasi kunolewa? Ncha zote zimepinda. Mkasi uliolala mezani haupindi ncha, mume wangu."
Nikakiambia kioo: mara nne. Jana sita.
Kazima mashine. Nikasubiri kelele. Akaniwekea kiganja begani, kwa uzito wa kipepeo, akasema, "Sita. Na mimi nakupa mizigo ya sokoni."
Kaenda kupasha maji ya kunikanda. Naandika na shuka shingoni, nusu kipara, nusu kichaka. Akipita kachukua funguo za duka msumarini, kazitia mfukoni mwa gauni. Nimeziona kwenye kioo. Hajasema za nini.
Kandambili zake hizo, zinarudi. Nimegeuza kiti, nimekipa kioo kisogo, uso mlangoni.