Kumjibu Baba kwa Kiingereza

Sironga,
S.L.P. 871,
Nyamira.

4 Agosti 2025

Mpendwa Edinah,

Nakusalimu kutoka Sironga, mtoto wa ndugu yangu. U hali gani? Unalala? Unakula? Kwenye ile picha ya darasani niliona mifupa ya mabega, na mama yako aliiona pia. Sisi huku ni wazima. Goti langu la kushoto linalalamika kila mvua ikinyesha, na unajua mvua ya Nyamira haina adabu, lakini natembea. Mungu ni mwema.

Najua umeshangaa kupata barua ya karatasi wakati simu zipo. Anakuletea Ian, mtoto wa jirani yangu, ambaye naye anakuja Kanada kusoma. Kwenye simu mimi hucheka sana na jambo la maana likapotea. Nimekuandikia kwa Kiswahili kwa sababu nilikifundisha miaka thelathini na mmoja na sijui kuandika vizuri kwa lugha nyingine yoyote. Kiingereza nacho nadhani umekishiba mwaka huu.

Edinah, umefaulu. Nimeandika neno hilo nikaweka kalamu chini kwanza, nikapumua. Tangu Aprili nilikuwa nimebana pumzi bila kujijua.

Sasa nikuombe radhi. Mwezi huo wa Aprili ulinipigia ukilia, ukaniambia umefaulu kuandika, umefaulu kusoma na kusikiliza, lakini umeanguka mtihani wa kuzungumza. Mtoto aliyesoma Kiingereza tangu darasa la kwanza! Ukanieleza kwamba mtahini alikuwa mzee wa mvi, wa rika la baba yako. Alitoa maoni yake akakutaka uyapinge. Nawe ukafanya vile ulivyolelewa: ukainamisha macho, ukatazama meza, ukakubali kila alichosema. Wakaandika kwamba huwezi kujadiliana na watu. Hiyo shule ya lugha hapo chuoni ikakupa muhula mmoja zaidi. Ungeanguka tena, nafasi yako ya uuguzi angepewa mtu mwingine, nawe ungerudi nyumbani. Ukaniapisha nisimwambie baba yako.

Nilimwambia. Sikukaa na siri hiyo hata siku mbili. Wewe ulidhani ni kaka yako Mose, kwa kuwa naye alijua, na yeye amebeba lawama yangu miezi mitatu bila kunitaja. Mwombe radhi, nami nitamwomba yangu.

Sikumwambia kwa sababu ya mdomo mwepesi. Nilimwambia kwa sababu nilijua shida yako ilikotoka. Baba yako ndiye aliyekufundisha ensoni, hiyo heshima yetu ya mtoto kutomkazia macho mzazi wala kushindana naye kwa maneno. Nasi tulifundishwa hivyo hivyo. Baba yetu alikufa kabla sijamtazama usoni vizuri, na mpaka leo nikitaka kumkumbuka nakumbuka viatu vyake. Silaumu mtu. Ensoni imeshikilia nyumba nyingi zisianguke. Lakini yule mtahini hakuwa na habari nayo.

Basi nilikwenda kwenu Itumbe nikamkuta baba yako ametoka kuchuma chai. Nikamweleza. Akauliza huyo mtahini ana umri gani. Nikamwambia ni wa rika lake.

"Basi kosa ni langu," akasema. "Atafanyia mazoezi kwangu. Akiweza kunipinga mimi, huyo mzee hatamsumbua."

Yaliyofuata unayajua, lakini unajua nusu. Kila Jumapili saa kumi jioni, kwenu ikiwa asubuhi, Mose alimwachia simu yake, na wewe uliona uso wa baba yako kwenye kioo akikuletea mjadala kwa Kiingereza. Mimi nilikuwa nimeketi kando ya mlango kila Jumapili. Nataka uyajue yaliyokuwa nje ya kioo.

Ile simu iliegemezwa kwenye chupa ya chai ili apate mikono ya kufungulia daftari. Kiingereza chake ni cha kidato cha nne na cha kusoma barua za kiwanda, basi wiki nzima alikuwa akiandika hoja kwenye daftari na kunipigia kuuliza maneno, mimi mwalimu wa Kiswahili. Asubuhi moja mama yako alimkuta akimhutubia ng'ombe kwa Kiingereza huku anamkamua. Alipoulizwa, akasema ng'ombe ni msikilizaji mzuri ila hana hoja.

Na wewe, mama, ulitutesa. Jumapili ya kwanza alikuambia mashamba yote ya chai yang'olewe ipandwe mikaratusi, hata pale chemchemini. Baba yako anaichukia mikaratusi kama nini, kwa vile inavyokausha maji. Ukasema ndiyo, Baba. Wiki ya pili akasema migomba haihitaji mbolea. Ukasema ndiyo, Baba, huku unatazama chini. Wiki ya tatu hata sikumbuki alisema nini, lakini ulikubali. Alipokata simu alikaa akishika kichwa.

"Nimesema upuuzi mtupu na mtoto ameukubali wote," akaniambia. "Nilimfunza vizuri kupita kiasi."

Nilicheka siku hiyo, lakini nikirudi nyumbani sikuwa na kicheko. Niliona kabisa utarudi, na niliona vile utakavyorudi: umejifungia chumbani, huku watu wanauliza nje. Nilikuombea usiku na mchana.

Jumapili ya nne alikuja na neno jingine. Alinionya mapema, akaniambia nisiingilie kati hata akisema nini. Akakuambia kumsomesha msichana ng'ambo ni kuteka maji kwa kikapu, kwamba utaolewa na kupotea, na kwamba angejua mapema angemwekea Mose jasho la chai yake yote. Mama yako alitoka nje. Alijua ni mazoezi lakini hakuweza kuyasikiliza. Mimi nilishika kiti.

Kisha ukainua macho ukasema, "Hapana, Baba. Hapo umekosea."

Ukaendelea. Ukamuuliza ni nani, kama si wewe, aliyemuuguza mama yake mzazi miezi minane, akamgeuza kitandani na kumwosha vidonda, kabla ya kufundishwa na chuo chochote. Ukamuuliza kama huyo naye alikuwa kikapu. Hukutazama pembeni hata mara moja. Yeye akakushukuru kwa sauti ya mwenyekiti wa mkutano, akakata simu, akatoka nje haraka.

Ulinitumia ujumbe jioni hiyo kuuliza kama amekasirika, nami nikakujibu hapana tu. Sikukuambia nilimfuata. Nilimkuta kwenye tangi akinawa uso. Hata mimi nilidhani ni hasira. Akaanza kukariri jibu lako lote, neno kwa neno, kwa Kiingereza chako. Halafu akaniuliza kama nimewahi kuona vile macho yako yanavyofanana na ya mama yetu. Nikamwambia nimeliona tangu ulipozaliwa. Akasema yeye ameliona leo. Una miaka ishirini na mmoja, Edinah.

Tangu siku hiyo hukukamatika. Ulimshinda kwenye mambo ya ndizi, ukamshinda kwenye mambo ya siasa, na mambo ya ng'ombe wa kufungiwa zizini mlitoka sare. Lakini kuna jambo ulifichwa. Jirani yenu Nyamweya alikuja kuazima pampu ya kunyunyizia dawa, akasimama mlangoni, akakusikia ukimwambia baba yako kwamba hoja yake haina miguu. Siku iliyofuata, kwenye kituo cha kupimia majani ya chai, habari ilikuwa kwamba binti wa Masese anamtukana babake kutoka Kanada naye anampigia makofi. Kwa mzee wa kanisa kama baba yako, hilo si jambo dogo. Wazee wenzake wawili walikuja nyumbani wakiwa na makoti, wakamuuliza kama ni kweli.

"Hajanitukana," akawajibu. "Nilimtuma."

Waliomba, wakanywa chai, wakaenda zao, na sijui walichosema njiani. Juma lililofuata, saa kumi, alikuwa mezani kama kawaida. Ulipomuuliza habari za kanisani alikuambia ni njema.

Alhamisi iliyopita majibu yako yalipofika, Mose alifunga duka lake pale Masimba mchana kweupe akakimbia nyumbani. Nilikuwa nachuma mboga za managu aliponipigia. Nilikaa chini pale pale kwenye matope, na goti langu likanisamehe. Mama yako aliimba mpaka sauti ikakauka. Baba yako alimtaka Mose asome ujumbe mara mbili, kisha akachukua ndoo akaenda kumkamua ng'ombe ambaye alikuwa amekwisha kukamuliwa. Baada ya dhiki faraja. Roho zetu zimetulia, na jana nimelala usingizi wa mtoto.

Usije ukadhani umepewa ruhusa ya kubishana na kila mtu mwenye mvi. Mimi ukinijibu hivyo utakula kofi, nami nitavuka hiyo bahari kulileta.

Mama yako anakusalimu sana na anasema ule. Mose anakusalimu na anangoja hiyo radhi. Hata Nyamweya anakusalimu, aliniita barabarani kusudi, na pampu amerudisha. Mume wangu Obwocha anakupongeza, anauliza kama huko kuna ndizi.

Baba yako peke yake hakunipa salamu. Tangu majibu yatoke umepiga mara mbili, kwa sauti tu, ukaongea na mama yako na kumwambia amsalimie Baba, kama ilivyokuwa zamani. Nilipokwenda Itumbe jana kuchukua salamu zao kabla Ian hajaondoka, nilimkuta mezani saa kumi, na simu ya Mose imeegemezwa mbele yake. Nikamkumbusha mtihani umekwisha. Akasema anajua. Nikamwambia basi anipe salamu zako niziandike kwenye barua. Akakataa. Akasema salamu zake atakupa mwenyewe, ukimtazama.

Mungu aliyekushika mkono mbele ya wageni azidi kukushika, akulinde utokapo na uingiapo.

Ni mimi shangazi yako nikupendaye daima,
Bathsheba Bitutu