Ng'ambo ya Mincio

Governolo, 9 Oktoba

Kaka Ottorino,

Maboga yamezaa sana mwaka huu. Nimeyapika, nimekula peke yangu.

Miaka kumi na moja hatusemezani kwa sababu ya ugomvi wa nyumba ya mama, lakini kila Jumapili tuliendesha baiskeli kando ya mto Mincio, wewe ukingo wako, mimi wangu. Ulipochoka, nami nilipunguza mwendo. Usijidai hukuona.

Jumapili tatu sikukuona. Iside wa mgahawani akanishangaa: "Dada wee, kaka yako kahamia Torino kwa binti yake. Magoti yamegoma. Hukuambiwa?"

Jana nilivuka daraja, nikaendesha upande wako. Nikatazama ng'ambo, pale ninapopita mimi siku zote. Hapakuwa na mtu.

Mdogo wako,
Nives