Randa ya Felisian na ulezi wa mama mkwe

Bertilla, acha unachofanya usome hii.

Felisian leo kafunga ile mashine yake ya randa uani. Mume wangu huyu huyu. Kaita majirani waje washuhudie.

Mdomo wa kutolea vumbi kauelekeza wapi? Kwenye turubai la ulezi alioanika mama yangu. Ulezi wa pombe ya harusi ya mdogo wangu, shoga.

Kawasha, kapitisha ubao wa mninga. Vumbi lote la mninga likatua pale. Rangi ile ile, huoni ulezi uko wapi.

Eti, "Mama, angalau mashine imekubali." Kamwambia hivyo mama mkwe wake, nakuapia.

Mama kaingia ndani, katoka na ungo. "Mkwe wangu, shika. Pepeta."

Mashine majirani waliitazama kidogo tu. Ungo wanautazama mpaka sasa, na viti wameomba.