Ali bin Juma Saba wa Kipevu

Likoni

Mdogo wangu Mwanaisha,

Nakusalimu kutoka nyumba ya marehemu baba, ambamo sikuwa nimelala tangu tuhamie Tanga. Mwanao Athumani hajambo. Wewe unalia kwamba aliacha ualimu wa chuoni, akaacha cherehani, akaacha ukarani. Jana alinipeleka bandarini Kipevu nikaione kazi yake ya sasa: mashine kubwa kama kabati, inayosoma kadi zenye matundu na kuchapa orodha ya makuli wa zamu. Athumani ndiye huipangia nyaya ili ijue la kufanya.

Mashine ilimtambua mtu kwa jina lake na la baba tu, na hapa wako Ali bin Juma saba. Akitakiwa mmoja, walikuwa wakifika wote. Mkubwa wa ofisi alimwambia Athumani kuwa orodha ikivurugika tena, kazi hana. Yeye akakumbuka alivyokuwa akiwaita wanafunzi chuoni kwa majina matatu, akaongeza jina la babu.

Jana orodha iliposomwa, alijitokeza Ali mmoja tu. Akapaza sauti: "Wallahi, mashine imemjua babu yangu! Kesho itakuja kuniposea mke." Makuli wakaangua kicheko, nami nikawaambia wote kuwa fundi wake ni mpwa wangu.

Jioni Athumani alinipikia wali na papa wa nazi, kisha akakaa kumshonea jirani kanzu. Nikamuuliza kama kazi hii nayo ataiacha.

"Huenda, mjomba. Lakini kufukuzwa, sifukuzwi."

Basi futa machozi, ule ushibe. Mola akujaalie uje umwone mwenyewe.

Kakako akupendaye,
Bakari