Betri ya Katarina

Jumatatu, 5 Februari 2024

Umeme umekatika saa tatu asubuhi, umerudi saa kumi jioni. Mgao. Nimeshinda dukani na simu kumi na moja zilizo wazi matumbo, mashine ya kupulizia joto imelala, mvua ya Urambo inapiga bati. Siku ya kuwaza tu.

Wazo la leo: simu za sasa ni uongo mtupu. Mzee mmoja kaleta yake, ya kava la kijani, yenye jina ambalo hata muuzaji hawezi kulitamka. Nyuma ina kamera nne. Nimeifungua — kamera ni moja. Tatu zilizobaki ni vioo vimebandikwa kwa gundi. Nimemwonyesha. Kaniomba nisimwambie mkewe. Na betri imevimba kama andazi. Ni ya tatu ya aina hiyo ndani ya mwezi mmoja, zote zimevimba, zote hazijawahi kuguswa na fundi. Kitochi cha mama kina miaka tisa na bado kinaita.

Nimerekodi sauti nikaitupa kwenye grupu langu, "Fundi Anasema". Watu mia tisa na kumi na wawili! Nililianza kwa wateja wangu tu, niwaambie kipi cha kununua na kipi cha kukimbia. Wanapenda kwa sababu sizunguki.

Leo nimezunguka kidogo. Simu nimeisema, duka sijalitaja. Duka ni la mzee Vedasto. Ndiye aliyenifundisha kazi. Nilikuja hapa kutoka Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi, nina miaka kumi na tisa, mafundi wote wakacheka — binti, tena Mrundi, ashike pasi ya kuchomelea? Vedasto hakucheka. Alinisogezea kiti.

Mdogo wangu Aleksi, mwenye kibanda cha gemu hapo ukutani kwangu, anasema nimeogopa. Kweli.

Alhamisi, 8 Februari

Katarina wa Usoke ameungua. Mteja wetu wa siku nyingi, yeye na mumewe Hilari wanalima tumbaku. Simu ilikuwa kwenye chaji kando ya mto wa kulalia, mchana, amejipumzisha baada ya kutoka shamba. Ikalipuka. Mkono wa kulia wote na upande wa shingo. Kapelekwa Tabora, hospitali ya Kitete. Habari kaleta dereva wa bodaboda, na picha: shuka jeusi, godoro lenye shimo, na kipande cha kava. Kijani.

Nikashika simu. Nikabonyeza, nikarekodi hapo hapo. Nakumbuka kila neno: "Simu za Vedasto ni mabomu. Nilisema, hamkusikia. Sasa Katarina hana mkono. Zirudisheni kabla hazijawaunguza."

Nimelitaja duka. Basi, nimelitaja.

Ijumaa, 9 Februari

Sauti yangu imefika Kaliua, imefika Sikonge, imenirudia mimi mwenyewe kutoka kwa mtu wa Ipole ninayemrekebishia redio. Dukani kwa Vedasto walijazana tangu asubuhi na simu zao mkononi. Mtu kapiga ngumi kabati la kioo, limevunjika. Mke wa Vedasto, mama Martha, kaitwa muuaji mbele ya watu.

Nilipoambiwa, nilifurahi. Naandika ili nisije kukana siku nyingine. Nilifurahi.

Jumapili, 11 Februari

Baada ya misa, Vedasto alinisubiri pale zinapoegeshwa baiskeli. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kama siku zote. Hakugomba. Aliniuliza jambo moja kwa sauti ya chini.

"Hiyo simu ya Katarina, umeifungua?"

Nikamwambia haikuwa na haja, nimeshafungua tatu za kwake na zote nimeziona. Akanitazama kama anasubiri nimalizie. Akachukua baiskeli akaondoka. Kazeeka. Siku tatu tu.

Nyumbani mama hajala. Mtu kamsomea yaliyoandikwa kwenye grupu. Wengi wananiita shujaa. Lakini wako waliosema mkimbizi gani huyu mwenye mdomo, arudi kwao. Kwao wapi? Nimezaliwa Ulyankulu, kitovu changu kiko huko. Mama anacho cheti chake cha uraia ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya godoro, na kila mvua ikinyesha anakitoa kukitazama kama hakijalowa. Alinishika goti, akaniambia kwa lugha yetu: "Ceceka, mwana wanje." Nyamaza, mwanangu.

Miaka hamsini amenyamaza. Nikamwuliza kumemsaidia nini. Sikupaswa kumwuliza hivyo. Kanyanyuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Jumatatu, 12 Februari

Nimeitwa kwa mtendaji wa kata, bwana Masele. Mtu mpole, anatafuta maneno. Alitaka niifute sauti na niombe radhi. Nikakataa. Nikamwambia mtu akiuziwa kitu kibovu akasema ni kibovu, hajatenda kosa. Kama kusema kunahitaji kibali, basi na kuungua nako kungehitaji kibali.

Akacheka kidogo. Akasema kusema si kosa, kosa ni kusema usichokijua. Nikamwambia mimi ni fundi wa miaka kumi na saba, nakijua.

Ndipo akageukia kibanda cha Aleksi. Eti wazazi wanalalamika, gemu zinaharibu vijana, leseni itabidi iangaliwe upya. Siku zote gemu hazijaharibu mtu, nimeongea mimi ndipo zimeharibu!

Nina neno langu kuhusu gemu. Napita pale kila siku. Pedi zimechakaa, televisheni ina mstari wa kijani, vijana wanapiga kelele. Lakini gemu haidanganyi. Umefungwa mabao mawili, imeandikwa mawili, na aliyekufunga amekaa ubavuni mwako unamjua kwa jina. Ubaya wake ni hizi mpya tu: hazichezeki bila bando, umenunua diski halafu mchezo wenyewe uko Ulaya. Hayo ndiyo ya kulalamikia. Si vijana wanne kwenye benchi.

Kibanda kimefungwa kuanzia leo jioni. Aleksi hakunilaumu. Kaja dukani kwangu kakaa, kafuta vumbi kwenye vioo vyote, kimoja kimoja.

Jumatano ya Majivu, 14 Februari

Nimetoka na basi la asubuhi kwenda Tabora kumwona Katarina. Niseme ukweli, nilitaka pia kumrekodi. Sauti yake mwenyewe, ili Masele na Vedasto wasikie.

Barabara hii ndiyo iliyopitwa na misafara ya biashara zamani, Tabora kwenda Ujiji. Nilikuwa nawaza njiani kwamba hakuna kilichobadilika. Watu waliuziwa vitambaa vilivyotiwa wanga vionekane vizito. Ukifua mara moja, kitambaa kimebaki chandarua. Sasa ni kamera za gundi. Nilikuwa nimeshatunga hata jinsi ya kulisema kwenye grupu. Nilijiona nina akili sana.

Kitete, wodi ya wanawake. Katarina amefungwa bandeji kuanzia vidole hadi bega. Vidole viwili madaktari hawana hakika navyo. Hilari amekaa sakafuni, anamlisha uji kwa kijiko. Walifurahi kuniona, ndilo linaloniumiza. Hilari akanyanyuka kunipokea.

Nikatoa simu, nikamwambia Katarina aeleze tu ilivyokuwa. Akaanza vizuri. Simu aliinunua kwa Vedasto mwaka juzi. Haikuwahi kumsumbua. Kisha akasema, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaja hali ya hewa:

"Ilikuwa nzima, mpaka ile betri uliyomfungia mume wangu mwezi wa kumi na moja. Tangu hapo ikawa inapata moto."

Nikazima kurekodi.

Nikamtazama Hilari. Akasema ndiyo, alikuja siku ya mnada, duka limejaa, nilimhudumia nikiwa naongea na simu. Simkumbuki. Naapa simkumbuki. Alifikiri najua. Walifikiri wote wawili kwamba najua na kwamba nimeshayapima mambo. "Wewe ndiye fundi," akasema.

Mabaki ya simu alikuwa nayo kwenye mfuko wa sukari, ndani ya begi. Nikayaomba. Akanipa kwa mikono miwili.

Sikupata majivu. Nilifika Urambo kanisa limeshafungwa.

Alhamisi, 15 Februari

Nimeifungua. Saa nne asubuhi, mlango umerudishwa, Aleksi amesimama nyuma yangu.

Betri imekuwa mkaa. Lakini waya umebaki. Haukuungwa kiwandani. Umekatwa kwenye betri ya zamani ukaunganishwa kwa mkono kwenye betri nyingine isiyo saizi yake, ukazungushiwa utepe wa njano. Utepe wa njano ninao mimi peke yangu mji huu; niliagiza Mwanza. Tena sikuirudisha ile sahani ndogo inayozuia chaji kuzidi. Huwa naona inanichelewesha. Nimefanya hivyo mara ngapi? Kwa simu za akina nani?

Aleksi anasema nichome huo waya. Katarina hanilaumu, Hilari hanilaumu, na simu za Vedasto ni mbovu kweli, zile tatu si nilizifungua mwenyewe? Kwa hiyo nilichosema ni kweli, ila mfano ndio haukuwa wenyewe. Anaongea kwa upole. Kibanda chake kimefungwa kwa ajili yangu.

Sikuchoma. Sikusema pia.

Ijumaa, 16 Februari

Kwenye grupu wamefika elfu moja. Mtu kaandika kwamba laiti nchi ingekuwa na watu kumi kama mimi.

Nimeizima simu, nimeifungia kwenye droo.

Jumamosi, 17 Februari

Naandika nimesimama, uani kwa mzee Vedasto, karatasi nimeiweka juu ya pipa la maji. Niandike upesi.

Nimekuja asubuhi, na mabaki ndani ya mfuko ule ule. Nilitaka asikie yeye kabla ya grupu. Duka lake limefungwa tangu juzi, kwa hiyo nimekuja nyumbani. Mama Martha alinifungulia, hakuitikia salamu yangu, akaleta kiti.

Nilimwambia mzee yote. Siku ya mnada, waya, utepe, sahani. Nikamwekea mabaki mezani. Akavaa miwani, akayageuza kwa bisibisi. Nilingoja anitukane. Ingekuwa afadhali.

Akasema ananisamehe. Akasema mtu yeyote hukosea. Kisha akaniomba niliseme sasa hivi, hapa mezani, kwenye grupu, kwa sauti yangu. Nikasema ndiyo, ndicho nilichojia.

"Sema ya kwako tu," akasema. "Zile tatu uziache."

Nikamwuliza kama alijua kuhusu zile tatu. Akavua miwani. Zimebaki katoni mbili za aina hiyo, akasema. Na kwamba akiniongelea kwa Masele, kibanda cha Aleksi kitafunguliwa Jumatatu. Hakunitisha. Aliongea kama baba. Na macho yalikuwa mekundu, na mama Martha amesimama mlangoni na kanga mdomoni.

Nikashika simu. Nikabonyeza. Nikasema jina langu, Veridiana Nizigiyimana, fundi. Nikasema betri iliyomuunguza Katarina niliifunga mimi, tena vibaya, na mzee Vedasto hana kosa kwa mkono wa Katarina, na niliwadanganya. Vedasto akawa anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, basi. Nikavuta pumzi. Nikasema, "Lakini."

Mkono wake ukashuka juu ya mkono wangu. Hakunipiga wala hakuninyang'anya. Uliwekwa tu, mzito, una joto. Kidole changu kikaachia. Na ukiachia kidole, sauti inaondoka.

Imeondoka. Sekunde arobaini na moja. Inaishia kwenye "lakini".

Nimesema naenda uani kunawa. Simu inatetemeka juu ya pipa, haipumziki. Wanaotukana wako, wengi, na mwingine kaandika lile neno la mkimbizi. Sijali, hayo nimejitakia mwenyewe. Ila katikati ya matusi kuna wanaouliza. Mmoja, halafu watano, sasa siwahesabu tena. Yule mzee wa kamera nne naye kauliza, yeye ambaye hajawahi kuandika kitu.

Lakini nini, fundi?

Ndani Vedasto anasogeza kiti. Anakuja mlangoni —